Nukta Katika Anga la Kajiado

Dada mmoja anayepiga picha za harusi aliingia kwa fundi wa kamera jioni moja ya Februari, kamera yake ameifunga ndani ya leso. Alikuwa ametoka Bisil, kwenye harusi ya Kimaasai iliyoanza alfajiri ikaisha jua likizama. Picha zilikuwa nzuri: shanga za bibi harusi, wazee na fimbo zao, mbuzi wakipita nyuma ya umati, na juu ya yote anga la kiangazi lisilo na hata wingu. Ila upande wa juu, kushoto, palikuwa na nukta ya kijivu. Mwanzoni alidhani ni mwewe. Akafungua picha ya pili, mwewe yuko palepale. Akafungua ya mia mbili, mwewe hajasogea.

Fundi hakuuliza habari za picha. Aliuliza habari za safari.

"Umetoka wapi nayo, dada?"

"Bisil, fundi. Na wiki iliyopita nilikuwa na kazi Athi River."

"Lenzi ulibadilishia wapi?"

"Nje, kando ya gari."

"Upepo ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, tena mwingi."

Akaitikia kwa kichwa, akairudisha kamera ndani ya leso bila kuifungua. "Njoo nayo kesho saa moja asubuhi. Betri iwe imejaa."

Chumba chake kiko ghorofa ya pili hapa Kitengela, na nimeketi humo mara nyingi kumtazama akifanya kazi. Naandika haya kwa sababu wengi wetu tunaishi kwa kamera, tunalisha watoto kwa kamera, na bado hatujui kuisafisha kunadai utulivu wa namna gani.

Nukta ile ilikuwa vumbi. Tuanze nalo, maana hapa kwetu halina jina moja. Kitengela iko kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Jirani yetu ni Athi River, mji wa viwanda vya saruji, East African Portland Cement kikiwa miongoni mwa vile vikongwe. Chini ya miguu yetu kuna udongo mweusi ambao wakati wa mvua hushika gari hadi lisukumwe na kijiji kizima, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, kisha magurudumu ya malori huusaga ukawa laini kama unga wa ngano. Ukiacha lami unakutana na vumbi jekundu la murram. Ukielekea magharibi, kwenye Bonde la Ufa, uko Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe katika miaka ya 1940, na ambapo ardhi nyeupe ni magamba ya mwani mdogo mno wa ziwa la kale, magamba yaliyoumbwa kwa silika, jamaa ya kioo. Ukiendelea mbele unafika Ziwa Magadi na chumvi yake, inayochimbwa kibiashara tangu miaka ya 1910. Na ukishuka kusini hadi chini ya Kilimanjaro kuna Amboseli, jina linalotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi la chumvi. Kiangazi kikikolea, chamchela husimama juu ya ziwa lililokauka kama nguzo za moshi, na ndovu hupita katikati yake wakiwa wamegeuka rangi ya majivu. Hakuna mpigapicha asiyeitaka picha hiyo. Na hakuna anayeipiga akarudi na kamera safi.

Zamani vumbi lilikuwa na adabu zaidi. Mohamed Amin, mpigapicha aliyeanzisha shirika la Camerapix mwaka 1963, na wenzake wa zama za filamu walikuwa wakivuta filamu mbele kila baada ya picha, na kila picha ikapata uso wake mpya. Chembe ikiingia, iliharibu picha moja au mbili ikaondoka na filamu, au ilichora mkwaruzo mmoja mrefu. Kamera ya dijitali ina uso mmoja tu kwa maisha yake yote. Uso huo ni kihisi, ambacho wapigapicha wenyewe hukiita sensa: kipande cha milimita 36 kwa 24 kwenye kamera kubwa, au cha takriban 23 kwa 15 kwenye zile ambazo wengi wetu tunazimudu. Chembe ikikaa pale, itaingia kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mahafali, na kwenye pasipoti ya mtu asiyehusika. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hakika vumbi haligusi kihisi chenyewe. Mbele ya kihisi kuna kioo chembamba kinachochuja mwanga, na chembe hukaa juu ya kioo hicho. Umbali huo mdogo ndio unaoeleza kwa nini nukta huonekana leo na kesho ikapotea. Tuseme chembe iko milimita 2 mbele ya kihisi na ina upana wa milimita 0.05, chini ya unene wa unywele. Tundu la lenzi likifunguliwa hadi f/2.8, mwanga wa kila sehemu ya picha hupita kwenye duara la upana wa milimita 0.7 hivi juu ya kioo, na chembe ile huziba sehemu 1 tu kati ya 200 ya mwanga huo. Jicho halioni kitu. Ukilifinya tundu hadi f/22, duara hupungua kufikia milimita 0.09, na chembe ileile sasa inaziba karibu theluthi ya mwanga. Hapo mwewe anazaliwa. Ndiyo maana anayepiga picha za uso ndani ya studio anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua hali ya kamera yake, na anayepiga mandhari ya Kajiado, yenye anga pana na jua kali linalomlazimisha kulifinya tundu, akajua siku ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya dada. Fundi alikuwa ameshapiga deki, sakafu bado ina unyevu. Dirisha limefungwa, feni imezimwa, amevaa shati la mikono mifupi lisilo na manyoya. Alinieleza kwamba maji kwenye sakafu hushika vumbi lisiruke, na kwamba saa ile malori ya kokoto bado ni machache barabarani. Kisha akaketi, akatulia. Dakika ishirini hakugusa chochote, anasubiri hewa ya chumba itue. Mgeni angedhani hana kazi.

Dada alipofika, kazi ya kwanza ilikuwa kupiga picha ya kitu kisicho na sura. Fundi alibandika karatasi nyeupe kwenye kioo cha dirisha, akalifinya tundu hadi f/22, akaiwekea lenzi shabaha ya mbali kabisa ingawa karatasi ilikuwa karibu, akaacha shata wazi sekunde nzima huku akiizungusha kamera taratibu mkononi. Kwa njia hiyo kila kilichoko kwenye karatasi huyeyuka, hata mikunjo yake. Kitakachobaki kimesimama ni kile kinachosafiri na kamera. Picha ilipofunguliwa kwenye kompyuta, akaikuza, akaanza kuhesabu kutoka kona moja hadi nyingine kama mtu anayechambua mchele. Nukta ishirini na tatu. Akachora mstatili kwenye daftari, akazitia zote, kila moja mahali pake.

Halafu akachora mstatili mwingine, nukta za juu akaziweka chini na za chini akaziweka juu. Nilimwuliza sababu. Lenzi huitupa picha kwenye kihisi ikiwa imepinduka: anga huangukia chini, ardhi huangukia juu. Lakini unapoitazama kamera uso kwa uso, kupitia mdomo wa lenzi, kushoto na kulia hurudi kama zilivyokuwa kwenye picha, kwa kuwa sasa unatazama kutoka upande wa pili. Ni juu na chini tu vinavyobadilishana. Mwewe wa Bisil, aliyekuwa juu kushoto, alipaswa kutafutwa chini kushoto. Wapo wanaofuta pembe isiyo na kosa mara kumi kwa kutojua hilo.

Sasa akatoa lenzi. Kwenye kamera ya aina hii, yenye kioo cha ndani kinachoruka, kuna amri ya kuinua kioo na kuacha shata wazi ili fundi afikie kihisi. Hapo ndipo betri iliyojaa inapokuwa na maana. Betri ikikata, shata hufunga, na mabamba yake membamba yakifunga juu ya kijiti cha fundi, kilichokuwa usafi kinageuka kuwa msiba.

Chombo chake cha kwanza ni pampu ndogo ya mpira. Kabla ya kuielekeza kwenye kamera aliiminya mara kadhaa pembeni, itoe vumbi lake yenyewe. Kisha akainua kamera juu ya kichwa, mdomo wake ukitazama sakafu, akapuliza kutoka chini, ncha ya pampu ikibaki nje ya mdomo wa kamera. Chembe inayong'oka ina njia moja tu, nayo ni kuanguka nje. Alipuliza mara kumi, akasubiri, akapuliza tena. Hapulizi kwa kinywa, kwa sababu pumzi ya mtu ina mate. Hapulizi kwa makopo ya hewa iliyoshindiliwa, kwa sababu yanaweza kutema majimaji ya baridi kwenye kioo. Akarudia picha ya karatasi. Nukta zilikuwa zimebaki sita.

Mtu mwenye haraka angekuwa ameanza kufuta tangu mwanzo, na hapa ndipo elimu ya fundi inapoonekana. Katika vumbi letu la barabarani kuna mchanga, na katika mchanga kuna kwatzi. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ina 7. Kioo cha kawaida kina 5 na nusu hivi. Chembe moja ya aina hiyo ikikokotwa na kitambaa juu ya kioo cha kihisi, itachora mstari ambao hautatoka kamwe. Kila chembe iliyoondoka kwa upepo ni chembe ambayo haitakokotwa. Nimewahi kuona kamera ya kijana aliyefuta kihisi kwa ncha ya fulana yake baada ya safari ya Magadi. Chumvi ilipata unyevu wa jasho, ikayeyuka, ikakauka ikaacha utando mweupe, na chini ya utando kulikuwa na mikwaruzo. Utando ulitoka.

Fundi akawasha taa ndogo iliyozunguka lenzi ya kukuzia, akaiweka juu ya mdomo wa kamera, akaniita nitazame. Chini yangu kulikuwa na uwanja wa rangi ya zambarau na kijani uliotulia kama maji ya kisima, na juu yake vitu sita. Viwili vilikuwa nyuzi fupi zilizojikunja, bila shaka za nguo. Vitatu vilikuwa punje zenye pembe. Kimoja, chini kushoto, kilikuwa cha mviringo, kimelala bapa, ukingo wake una kivuli chepesi. "Huyo ndiye mwewe wako," alimwambia dada. "Ameganda. Alipata umande."

Hakusema kwa kubahatisha. Vumbi la saruji likipata unyevu hushika, hiyo ndiyo kazi ya saruji. Kamera iliyotoka Athi River na vumbi ndani, kisha ikalala Bisil kwenye baridi ya usiku wa nyika na kutolewa asubuhi kwenye joto, hutokwa na jasho kama bilauri ya maji baridi. Swali lake la kwanza, umetoka wapi nayo, lilikuwa nusu ya uchunguzi.

Alipuliza mara ya tatu, zikaondoka nyuzi mbili na punje mbili. Sasa zilibaki nukta mbili, moja ya mwewe na moja ndogo kwenye kona. Ndipo alipofungua kijiti.

Vijiti hivi vya kufutia huja vimefungwa kimoja kimoja, kichwa chake ni kitambaa laini kisichomwaga nyuzi, upana wake sawa na kimo cha kihisi ili kipite mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yake ni methanoli safi, inayokauka haraka bila kuacha alama. Ni sumu na hushika moto, kwa hiyo chupa haikai wazi, na dirisha hufunguliwa kazi ikiisha. Spiriti ya kawaida ya dukani haimfai, mara nyingi ina maji na viungo vingine vinavyoacha ukungu. Alidondosha matone mawili kwenye ukingo wa kitambaa. Akahesabu kimyakimya, yaenee. Kitambaa kikilowa mno, maji hukimbilia kingo za kioo na kukauka yakiwa madoa; kikiwa kikavu, kitakwaruza.

Kisha mkono ulishuka. Viwiko vyote viwili vilikuwa juu ya meza, kiganja cha kushoto kimeishika kamera, kidole kidogo cha kulia kikiegemea ukingo wa mdomo wake. Alikiweka kijiti kwenye upande mmoja, akakilaza kidogo, akakivuta kwa nguvu ileile ya mtu anayeandika kwa kalamu ya wino. Kilipofika upande wa pili akakiinua, akakigeuza, akarudi nacho kwa upande wake safi. Akakitupa. Dada akauliza kama hakiwezi kutumika tena, maana si rahisi kwa bei. "Punje sasa imo ndani yake," akajibu. "Nikikirudisha, nitakuwa nafuta kwa msasa."

Picha ya karatasi ikapigwa tena. Mwewe hayupo. Ile ndogo ya kona ilikuwa bado ipo, na mimi nilitarajia kijiti cha pili. Fundi akaikuza, akaitazama kwa muda, akapiga picha nyingine kwa f/11. Nukta haikuonekana. Akafunga chupa.

"Hii tuiache," alisema. "Iko pembeni, na wewe hupigi kwa f/22. Kila ninapogusa kuna hatari. Siwezi kununua hatari kwa kitu usichokiona."

Katika yote niliyoyaona chumbani mle, hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Fundi wa kawaida hujipima kwa alichoondoa. Huyu alijipima pia kwa mara alizojizuia. Alikuwa na vijiti vingine, maji bado yapo, mteja anatazama na angelipa. Akaacha, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha.

Watengenezaji wa kamera wamejitahidi. Mwaka 2003 Olympus ilitoa kamera ya E-1 yenye kioo kinachotikisika kwa kasi isiyosikika ili kukung'uta vumbi, na mwaka 2006 Canon ikaweka mtikiso kama huo kwenye EOS 400D. Leo kamera nyingi zinao, na unasaidia sana kwa punje kavu. Lakini punje iliyoganda haishtuki kwa mtikiso, na kamera za kizazi kipya zisizo na kioo cha ndani nyingi huacha kihisi wazi mara tu lenzi inapotolewa. Wengine hutegemea kompyuta kufuta nukta baadaye. Kwenye picha moja ya anga inawezekana kwa mguso mmoja. Jaribu kwenye picha elfu moja za harusi, nukta ikiwa imetua mara kwenye shavu la bibi harusi, mara kwenye shanga, au kwenye video ambamo umati unapita nyuma yake nayo imesimama. Utakesha.

Kwa hiyo mwenzangu unayepiga picha katika nyika hii, nakuomba mambo machache. Chagua lenzi kabla ya kutoka Kitengela, na ukiweza usiibadilishe hadi urudi. Ukilazimika, ibadilishe ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kamera imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Lenzi inayorefuka huvuta hewa na vumbi lake kila unapoivuta, kwa hiyo ifute shingo yake kabla ya kuirudisha. Usiku wa baridi, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la asubuhi taratibu. Ukirudi, piga picha ya karatasi nyeupe kwa f/22 kabla ya kazi inayofuata, uijue hali ya kioo chako. Nunua pampu ya mpira, na uijue kuitumia vizuri. Na punje ikikataa upepo, usiishike kwa fulana. Mpelekee mtu mwenye mkono uliotulia.

Siku ile niliangalia saa yangu. Tangu fundi alipoketi kusubiri hewa itue hadi alipofunga chupa ilipita saa moja na robo. Kijiti kilikigusa kioo kwa sekunde nne hivi. Utakapofika wakati wa kumlipa, mlipe kwa ile saa moja na robo.